Ulimi Haupimi Maji

Wanangu mnaochimba visima kuuzunguka mlima Meru, kuanzia Usa River na Kikatiti hadi Ngaramtoni na Oldonyosambu, naomba mnipe masikio yenu mara nyingine. Najua haya mmeshayasikia. Nimeyasema kwenye vikao vya harusi, nimeyasema matangani, nimeyasema kwenye mkutano wa kijiji hadi mwenyekiti akaniomba niwaachie na wengine nafasi. Mnaitikia "Ndiyo, mzee," mnanisogezea kiti, mnaniongezea chai, kisha mnakwenda kuchimba na kunywa bila kupima. Nimechoka, sifichi. Ila kila mwaka wanazaliwa watoto wapya wa kunyweshwa maji hayo hayo, nao hawajawahi kunisikia wala hawawezi kujisemea, kwa hiyo nitarudia.

Jambo lenyewe ni fupi. Kabla mtoto hajanywa maji ya kisima chako, yapeleke maabara yakapimwe, na cha kwanza kupimwa kwa upande wetu huu ni floraidi. Basi. Mengine yote nitakayosema ni maelezo ya hilo, maana vijana wa siku hizi ukiwaambia jambo fupi wanaliona dogo.

Nimehudhuria siku nyingi za maji kutoka. Mtambo unanguruma tangu asubuhi, matope ya kijivu yanarushwa hadi kwenye migomba ya jirani, mama mwenye nyumba anazunguka na sahani za pilau akiwahesabu mafundi. Kisha matope yanageuka maji, maji yanaanza kutakata, na mwenye kisima anakinga viganja. Anasukutua, anameza, anafumba macho. "Matamu!" Watu wanapiga makofi. Anakuja shangazi na kipande cha sabuni, ananawa, povu linamfika viwikoni, naye anatoa hukumu yake: maji laini haya, hayali sabuni. Picha zinarushwa kwenye kundi la familia, wa Dar es Salaam na wa Dubai wanatuma maua. Kuanzia dakika hiyo ukitamka neno maabara unaonekana umekuja kuharibu sherehe.

Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vinavyodhuru ulimi hauisikii. Maji yenye floraidi mara kumi ya inavyotakiwa yanaweza kung'aa kwenye glasi kuliko ya mtoni. Na lile povu la shangazi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Maji yanayokula sabuni huwa na kalisi nyingi, na kalisi ndiyo huikamata floraidi, zikaganda pamoja na kubaki humo ardhini. Maji mengi ya Meru yana asili ya magadi, kalisi yake ni haba, kwa hiyo floraidi inabaki imeyeyuka na hakuna wa kuishika. Sisemi kila maji laini yana madhara. Nasema tu kwamba sifa mnayoisifia haithibitishi kitu, na mara nyingine ndiyo dalili yenyewe.

Msitafute mchawi wala kiwanda. Mlima uliotupa udongo wa kahawa na migomba ni volkano, na miamba na majivu yake yamejaa floraidi tangu kabla babu zetu hawajafika hapa. Mvua inazama, inapenya kwenye majivu hayo, inakaa humo muda mrefu ikiyayeyusha kidogo kidogo, kisha inatokea kwenye chemchemi au kwenye bomba lako. Maziwa ya Momella, yale ambayo wageni hulipia kwenda kutazama flamingo, yana floraidi ya mamia ya miligramu kwa lita. Hakuna anayeyanywa, lakini yanawaonyesha mlima una nini tumboni. Wala si sisi peke yetu. Bonde la Ufa lote, kuanzia Ethiopia, likapita Nakuru na Naivasha, likaja hadi Manyara na Singida, lina visima vya namna hii.

Nimefundisha shule za msingi hadi nikastaafu, na wapo walimu wenzangu watakaonithibitishia hili: mtoto akicheka, ungeweza kukisia anatoka upande gani wa mlima. Meno yenye mabaka meupe ya chaki, meno yenye michirizi ya kahawia, meno yaliyochimbika kama yametafunwa na kutu. Wapo walimu waliowachapa watoto hao kwa kutopiga mswaki. Walipiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu na kahawia ikabaki pale pale, kwa sababu doa lile halikupakwa juu ya jino. Jino lilijengwa nalo likiwa bado ndani ya ufizi. Hata wenye elimu zao liliwatatiza. Mganga wa meno mmoja wa Colorado, Frederick McKay, alianza kuyachunguza meno ya kahawia ya mji wake mwaka 1901, na chanzo chake kilikuja kujulikana mwaka 1931. Miaka 30 ya kutazama vinywa vya watu, na jibu lilikuwa kwenye maji.

Kulikuwa na msichana darasani kwangu aliyesoma vizuri kuliko wote na hakuwahi kunyoosha mkono. Akiitwa ajibu, alijibu huku kiganja kimefunika mdomo, na alicheka hivyo hivyo, na picha ya kumaliza darasa la saba alipiga midomo imebanwa. Nimeliona hilo kwa wengi. Ukiwauliza wakubwa wao wanasema, ah, mzee, meno tu, sisi sote tunayo. Kweli tunayo. Lakini wale vijana wetu walioomba kazi za mapokezi hotelini wanaweza kuwasimulia jinsi "meno tu" yanavyosomwa na mtu asiyetoka Meru.

Na floraidi haiishii kwenye meno. Jino likishakamilika halichafuki tena kwa njia hii, ndiyo maana miaka kama minane ya kwanza ya mtoto ina uzito wake. Mifupa ni habari nyingine. Mifupa huvuta floraidi maisha yote. Anayekunywa maji yenye floraidi nyingi miaka na miaka huanza kwa maumivu ya viungo anayodhani ni baridi ya mlimani, kisha mgongo unakakamaa, shingo haigeuki, na kwa watoto walionyweshwa nyingi zaidi miguu hupinda matege yasiyonyooka. Mmepita Oldonyosambu na Ngarenanyuki, mmewaona watu wa namna hiyo, mkapunguza mwendo wa gari kisha mkaendelea.

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania, kwa kuwa maji yetu mengi yangefungiwa, miaka ya 1970 tuliweka kiwango cha muda cha vijijini kilichoruhusu hadi miligramu 8, baadaye tukawa na 4 kwa muda mrefu, na sasa kiwango chetu ni 1.5 kama cha wenzetu. Kwa hiyo mtu akikwambia kisima cha baba yake kilipimwa zamani na kikapita, muulize kilipita kwa kiwango kipi. Pande za Oldonyosambu na Ngarenanyuki, zaidi ya miligramu 10 kwa lita si jambo la kushangaza.

Nijibu sasa yale mnayonijibu, maana nayajua kwa mpangilio wake.

La kwanza: tunachemsha. Hongereni, endeleeni, kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara. Floraidi ni madini, haifi. Maji yakichemka na mvuke ukaondoka, iliyobaki sufuriani inazidi kukolea. Dawa ya klorini haiigusi pia, wala kitambaa cheupe, wala chujio la kawaida la mishumaa.

La pili: tumechimba kirefu. Urefu wa kisima unaweza kukukinga na choo cha jirani, lakini maji ya chini sana pengine ndiyo yaliyokaa na mwamba muda mrefu zaidi. Yanaweza kuwa mazuri, yanaweza kuwa mabaya kuliko ya juu. Mita haziwezi kukujibu.

La tatu, na hili ndilo linalopendwa: cha jirani kilipimwa, kiko salama. Mwanangu, miamba ya chini haikupimwa na bwana ardhi. Visima viwili vilivyoachana kwa ua wa michongoma vinaweza kutoa maji ya asili tofauti kabisa. Kunywa kwa cheti cha kisima cha jirani ni sawa na kumeza dawa aliyoandikiwa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Kuhusu gharama sitaki hata kubishana. Mnamlipa mchimbaji kwa mita, mnanunua pampu, mnanunua tenki la lita elfu tano na mnara wa vyuma wa kulikalisha, mnaweka vigae kuzunguka mdomo wa kisima, halafu kipimo ndicho kinachokuwa ghali.

Sampuli yenyewe inachukuliwa hivi. Acha pampu ifanye kazi kwanza, maji yaliyolala kwenye bomba yatoke yote, yaje yale ya kisimani kwenyewe. Chukua kabla hayajaingia tenkini. Kwa floraidi tumia chupa safi ya plastiki yenye kifuniko kinachobana. Isiwe iliyobeba juisi, wala dawa ya kufulia. Isuuze mara tatu kwa maji hayo hayo ya kisima, usitie sabuni. Jaza, funga, andika juu yake tarehe, saa, mahali na urefu wa kisima. Nimeshaona mtu amepeleka chupa tatu zisizo na jina, na alipopewa majibu hakujua lipi ni la kwake na lipi ni la shemeji yake. Ukitaka wapime na vijidudu, ambalo ni jambo jema, chupa hiyo waombe maabara wenyewe, maana inatakiwa iliyosafishwa kwa namna yake, iwekwe kwenye barafu na ifike siku hiyo hiyo. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, na Arusha ipo. Wakati unafuatilia kibali cha kisima kwenye bodi ya maji ya bonde lako, waulize hapo hapo utaratibu wa kupima. Utakuwa umeshaingia ofisini. Maneno mawili zaidi hayatakuchelewesha.

Waambie wapime na vingine pia: chumvichumvi, chuma, naitreti ikiwa kuna mashamba ya mbolea au mazizi karibu. Wenye jamaa Geita, Mara na kanda yote ya dhahabu ya Ziwa Victoria, waambieni waombe kipimo cha arseniki, maana huko miamba ina tabia yake. Mkiona naongeza chumvi, someni habari za Bangladesh. Tangu miaka ya 1970 walichimbiwa visima vya pampu za mkono kwa mamilioni, kwa nia njema kabisa, ili watoto waache kufa kwa kuhara kwa maji ya madimbwi. Maji yalitoka meupe na baridi. Mwaka 1993 ndipo arseniki ilipothibitishwa humo, baada ya watu kuyanywa kwa miaka mingi na ngozi zao kuanza kuota magamba viganjani. Baadaye wakapita pampu kwa pampu wakipima na kupaka rangi, nyekundu usinywe, kijani kunywa. Kilichokuwa kimekosekana muda wote ule ni kipimo. Na msidhani wenye mali wamesalimika: hata Marekani, sheria yao ya maji salama ya mwaka 1974 haivihusu visima vya watu binafsi. Mwenye kisima ndiye anayejipimia.

Majibu yakija mabaya, usikifukie kisima. Hapa ndipo wengi mnapoogopa bure. Kuoga, kufua, kudeki, kumwagilia bustani, maji hayo yanafaa. Unachotakiwa kubadilisha ni ya kunywa na ya kupikia, ndoo chache kwa siku. Mvua ya hapa ina floraidi kidogo mno. Weka mifereji kwenye bati, acha manyunyu ya mwanzo yaoshe vumbi na mavi ya ndege, kisha kinga. Wenye hesabu mtanielewa: kisima chenye miligramu 6, ndoo yake moja ukiichanganya na ndoo tatu za mvua unapata 1.5. Mtoto mchanga aendelee na ziwa la mama, kwa kuwa maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji mabaya. Uji wa kumwachisha ndio unaoanza kumharibia, ukipikwa kwa maji ya bomba la nyuma ya nyumba.

Mkaa wa mifupa nao upo. Kituo cha Ngurdoto kimeufanyia utafiti miaka mingi, na Nakuru wameutumia vilevile. Mifupa ya ng'ombe inachomwa bila hewa nyingi, inasagwa punje punje, maji yanapita humo, na floraidi inanaswa na mfupa ule badala ya kwenda kunaswa na wako. Wapo wanaouliza mifupa ya mnyama gani, na aliyechinja ni nani; ni swali la haki, mwenye chujio anapaswa kulijibu kabla ya kuuza. Yupo pia mtaalamu wetu, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapo Arusha, ambaye chujio lake lilipata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Chujio lolote mtakalonunua, jueni linashiba. Likishashiba maji yanapita yakiwa vile vile, yanang'aa vile vile, na wewe unaamini umekingwa. Kwa hiyo maji yanayotoka kwenye chujio nayo yanapimwa. Ndiyo, tena. Mnaona kwa nini nachoka.

Neno kwa akina mama, na najua mtanizomea. Magadi. Yale ya kuokota kandokando ya maziwa, mnayotia kwenye makande na maharage yaive haraka, mengine yana floraidi nyingi mno. Unaweza kuhangaika na maji mwaka mzima, kisha ukairudisha floraidi yote kwa kijiko. Loweka maharage tangu usiku. Kuni zitatumika kidogo zaidi, sawa.

Limebaki moja, nalo ndilo gumu, kwa sababu si la ujinga. Wapo kati yenu waliopima. Wakapata karatasi. Wakaisoma, wakaikunja, wakaiweka chini ya godoro, kwa hofu kwamba kiwanja kitashuka bei, wapangaji watahama, na biashara ya kuuza maji kwa ndoo pale getini itakufa. Kwao wenyewe wananunua maji ya chupa. Getini foleni inaendelea, watoto wa watu na madumu ya njano, shilingi zinaingia.

Kwa mtu wa namna hiyo siongei kwa sauti ya juu, sina pumzi hiyo tena. Namuuliza tu: yule mama anayenunua ndoo mbili kila asubuhi, unamjua jina, unamjua na mtoto aliyembeba mgongoni, umekula kwake msibani. Utamwangaliaje huyo mtoto akifika darasa la tatu na kuanza kuficha mdomo? Haki ya jirani haihitaji nifungue kitabu cha dini ya mtu yeyote. Imo katika vyote mlivyofundishwa. Weka kibao getini: maji ya kufulia na kuogea. Punguza bei kama itabidi. Wanunuzi watapungua kwa muda, kisha watarudi kwa sababu nguo bado zinafuliwa. Wa kunywa watajua wakakinge mvua au wakachote kwingine.

Na karatasi itoe chini ya godoro. Piga picha, irushe kwenye lile lile kundi la familia lililotuma maua siku ya maji kutoka, kisha nakala moja mpelekee mwenyekiti wa kijiji, aijue na mwalimu mkuu, maana shule nayo ina bomba. Hii uliyonayo ni ya masika. Mwisho wa kiangazi, maji yakipungua kisimani, chukua chupa nyingine ukapime tena, kwa kuwa namba hupanda na kushuka kwa majira. Ukikosa nauli ya kwenda mjini, nipigie. Huwa nakwenda kliniki ya presha kila mwezi, nitaibeba.